Familia Yetu Imekubali

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini zinakukuta mzima, na kwamba macho yamepumzika kidogo na ule moto wa kuchomelea. Shemeji hajambo? Na watoto? Mwambie shemeji dawa ya mgongo aliyoniagiza nimeipata. Dereva anayekuletea barua hii anayo. Mimi mwili ni mzima, ila kutulia ndiko kumenishinda. Barua hii nimeianza maktaba ya Bunge, nikaona kila anayepita ananichungulia. Nikahamia mgahawani, huko nako wakanijia na pongezi. Sasa niko kwenye benchi nyuma ya jengo, karibu na mitungi ya gesi ya jikoni.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu nimeishika tangu asubuhi. Nikifika kwenye jina lako naiweka chini. Najua ungeuliza kuna nini, nami ningejibu hakuna kitu, nilitaka kukusalimu tu, tukaishia kwenye habari za mvua. Na nataka haya uyapate kwangu kabla hujayasikia leo jioni kwenye kipindi cha Bunge redioni.

Kama unavyojua, tulianza na muswada wa urithi wa taifa. Wenzangu walitetea majumba ya zamani, wengine vinyago vilivyochukuliwa na wageni. Mimi nikayasemea makaburi ya nyuma ya hospitali yetu, yale ya juu kwenye mteremko, ya vibarua waliojenga daraja wakafa kwa homa, wakazikwa kwa namba badala ya majina. Nikaomba eneo lote liingizwe kwenye orodha ya urithi, lisiguswe. Nikasema hatuwezi kulipenda daraja tukawasahau waliolibeba vichwani. Meza zikapigwa. Kesho yake, baada ya kipindi, ukaniandikia kwamba leo Redio imeshika masafa. Nilicheka peke yangu kwenye lifti. Hakuna mwingine duniani anayeniita Redio.

Kisha ikaja bajeti ya huduma za jamii, nikasimama tena. Nikaeleza wodi ya wanawake ya hospitali hiyo hiyo, kwamba kinamama wanalala wawili wawili kitandani, na mganga mkuu, yule mama mrefu unayemfahamu, aliniambia hapiti tena katikati ya wodi maana hakuna pa kukanyaga, anajipenyeza ukutani. Nikataka jengo jipya. Waziri akanijibu kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Alisema fedha zipo, ardhi ndiyo hakuna. Mahali pekee pa kujenga ni makaburini, na aliyeomba makaburi yasiguswe ni Mheshimiwa huyu huyu.

Hapo akainuka mbunge mmoja tunayemwita Mzee wa Taarifa, kwa sababu hakuna hotuba asiyoikatiza. Akasema, "Mheshimiwa Spika, nampa mzungumzaji taarifa kwamba wafu wa jimbo lake hawapigi kura." Ukumbi ukaangua kicheko. Spika akaniuliza kama naipokea taarifa ile. Kwa kuchanganyikiwa nikasema naipokea. Wakacheka upya, na mimi nikakaa na karatasi zangu.

Tangu siku ile kaka, sikuwa na raha. Nikiwa kikaoni nawaza wodi, nikienda kulala nawaza wale vibarua. Jumamosi nikaja nyumbani. Ndiyo, nilikuja, na kwako sikufika. Nilikwenda makaburini na mpima ardhi wa halmashauri. Tulizunguka naye mchana kutwa, yeye na kamba yake, mimi na viatu vyangu vya mjini vikizama kwenye tope. Akaniambia jengo likigeuzwa ubavu, makaburi ya vibarua yatabaki yote. Litakula kile kipande cha chini tu, kinachopakana na chumba cha kufulia cha hospitali. Akasema kina makaburi machache, ya miaka ya karibuni, na wenyewe wanajulikana.

Hakujua anaongea na nani. Nilikuwa nimesimama nimeshika ule uzio wa chuma uliomchomelea Mama kaburini kwake.

Wakati wa kurudi tulipita barabara ya karakana yako. Niliziona cheche zako kupitia mlangoni. Dereva akauliza kama tusimame. Nikamwambia twende, tumechelewa. Hatukuwa tumechelewa popote.

Jana ndipo muswada wa urithi uliporudi kwa marekebisho. Nikaomba nafasi. Nikapendekeza sehemu ya juu ilindwe na sheria milele, na kila jiwe lenye namba litafutiwe jina. Sehemu ya chini iachiwe hospitali, kwa sharti kwamba familia zikubali kwanza na wapendwa wao wahamishiwe juu kwa heshima zote. Nilikuwa naongea vizuri, kaka. Nilijisikia mwenyewe kwamba naongea vizuri. Mzee wa Taarifa akainuka, na safari hii hakuleta mzaha. Akasema ni rahisi mno kugawa makaburi ya wenzako. Akauliza ni familia gani yenye akili timamu itakayokubali.

Nikawasha kipaza sauti. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, moja ya makaburi hayo ni la mama yangu mzazi, na familia yetu imekubali."

Kaka, hata wahudumu waliokuwa wakigawa maji walisimama. Kisha zikapigwa meza ambazo sijawahi kuzisikia, upande wetu na upande wao. Marekebisho yakapita. Waziri akavuka ukumbi kuja kunishika mkono. Mzee wa Taarifa alivua miwani akawa anaifuta, akaniambia mama yangu alizaa mtu.

Na mimi nikawa najibu asante, asante, huku najua kwamba familia ni wewe na mimi, na wewe hakuna aliyekuuliza.

Usiku kucha nimejipekua. Nimejiambia nilisema vile kwa ajili ya wale kinamama. Ni kweli. Lakini kuna kweli nyingine. Niliona ukumbi uko mikononi mwangu, nikaona hilo neno moja ndilo linalokosekana, nikalisema kama mtu anayegonga msumari wa mwisho. Sikumfikiria Mama wakati ule, wala wewe. Nilifikiria jinsi watakavyonyamaza.

Na sheria yenyewe inataka saini ya mtoto mkubwa wa marehemu. Maana yake ni wewe. Wote sasa wanaamini umeshaitia.

Basi asubuhi hii nimekwenda kwa Katibu wa Bunge, nikamweleza. Akasema ninaweza kutoa maelezo binafsi ukumbini, ila nijue kuna jimbo jingine linalozimezea mate fedha zile, na hawatapoteza dakika. Nimeomba nafasi ya kesho. Nitasimama niseme kwamba nilimsemea kaka yangu jambo ambalo sikumuuliza, na kwamba familia yetu haijakubali wala haijakataa. Nitasema hivyo hata ukinipigia simu leo kuniambia umekubali. Nakuomba sana usikubali kwa ajili ya kunisitiri. Aibu ni yangu, na nitaibeba.

Lakini kwa kuwa sasa ndiyo nakuuliza, acha nikuulize kama inavyopasa. Mimi ningependa jengo lile lijengwe. Mama alikufa kwenye wodi ile, miguu ya mgonjwa mwingine ikiwa kando ya kichwa chake. Mimi nilifika amekwisha funikwa. Wewe ndiye uliyesimama tangu asubuhi umeinua chupa ya maji ya dripu kwa mkono, kwa sababu hapakuwa na cha kuitundikia. Baada ya mazishi ukachomelea vyuma vya kutundikia, ukawapelekea, na hukumwambia mtu. Mganga mkuu ndiye aliyenionyesha. Kwa hiyo sina la kukufundisha kuhusu hospitali wala kuhusu Mama. Nakuomba tu ruhusa, na naiomba nikiwa nimechelewa.

Ukisema hapana, nitasimama tena Bungeni niseme kaka yangu amekataa, na sitaongeza neno. Nitatafuta ardhi kwingine hata kama itanichukua muhula mzima. Ukitaka muda, chukua. Ukitaka kunigombeza, Jumapili nitakuwa kwako, na safari hii nitakaa kimya mpaka umalize.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na fundi mwenzako wa karakana, yule asiyependa wanasiasa. Mwambie leo namwelewa. Wananiita ndani, kengele ya kikao imelia. Ninaingia, kaka, na sijui mikono yangu niiweke wapi.

Ni mimi,
mdogo wako.