Barua za Deus Zilizokwama Foleni

Jumatano. Joto la kukera, hata upepo wa ziwani umegoma. Naandika kwenye ukurasa wangu huu wa mtandaoni, ambao nadhani tunausoma mimi na bosi tu. Bosi, kama unasoma: haikuwa laini ya simu!

Tangu Alhamisi, hapa ofisini kwetu tunakowatumia na kuwapokelea watu imeli, za kwenda nje zinaenda, za kutoka nje hazifiki. Za hapa hapa Mwanza zinapita vizuri, kwa hiyo bosi akashikilia kwamba seva ni nzima, ubovu ni wa simu. Tumegombana na mafundi wa simu bure kabisa.

Wateja nao wameamua kwamba nakalia barua zao nikitaka chai. Aliyenimaliza ni Mzee Masalu wa Mkolani. Kaka yake amefariki, naye mzee akamwandikia Deus, mtoto wa kwanza wa marehemu, anayesoma Ulaya: tuzike au tukusubiri? Kila asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anauliza, "Hakuna kitu?"

Hakuna.

Jumatatu akaniletea samaki wawili wabichi, sato wa ziwani. "Mwanangu, hii ni mboga tu. Sasa nitafutie barua yangu." Jamani! Niifiche niifanyie nini? Nikakataa, akawaacha mlangoni akaondoka. Chumba kinanuka mpaka leo.

Leo amekuja mikono mitupu. "Usihangaike tena. Tumezika jana. Deus ametudharau."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia wakishakwenda nje ndivyo wanavyokuwa.

Alipoondoka nikaikalia seva kwa hasira. Kabla ya kupokea imeli, huwa inauliza kompyuta moja ya Dar kama jina la huko ilikotoka lipo kweli. Nikaijaribu ile ya Dar mwenyewe. Kimya. Nikapiga simu, wakanijibu bila hata aibu kwamba walishaihamisha, ina namba mpya. Wiki iliyopita! Hakuna aliyetuambia. Seva yetu imekuwa ikiuliza, ikingoja, ikikosa jibu, ikiziweka barua foleni. Majina ya hapa mjini inayajua yenyewe, ndiyo maana hayakusumbua.

Nikabadilisha namba. Mstari mmoja tu, barua zikaanza kumiminika.

Nne zilikuwa za Deus.

Ya kwanza ni ya Alhamisi ile ile: "Baba mdogo, msizike, nisubirini." Ya pili, anahangaikia tiketi. Ya tatu, mbona kimya, kuna nini huko? Ya nne, amepata ndege, anatua Mwanza kesho mchana, na anashukuru sana kwamba wamemsubiri, maana hakuna aliyemkatalia.

Nimezichapa zote. Sasa hivi natoka kwenda Mkolani kumwambia Mzee Masalu kwamba kijana hakuwadharau, na kwamba lile neno langu la asubuhi nalifuta.

Hilo nitaliweza. Lakini kesho Deus atashuka kwenye ndege na kuuliza baba yake amelazwa mochwari gani.

Nani kati yetu atamjibu?