Maji ya Mgongo ya Mtoto wa Bahati

Mzee Barasa,

Ameomba uji! Nilitaka kuanza na salamu, nimeshindwa. Mtoto wa Bahati, aliyeletwa Jumatatu shingo imekakamaa kama ubao, leo ameketi kitandani akaomba uji.

Tangu tukuzike niko peke yangu maabara. Kiti chako bado sijaweza kukikalia. Ngoja nikueleze.

Anaitwa Wambui, ana miaka mitatu. Mama yake, Bahati, alidhani ni malaria. Nikapima damu, malaria hakuna. Daktari akamdunga sindano mgongoni, akaniletea maji aliyoyavuta kwenye chupa ndogo. Kwa kawaida huwa maangavu, Mzee, lakini haya yalikuwa na ukungu. Homa ya uti wa mgongo! Lakini ya mdudu gani? Daktari alingoja jibu langu ndiyo ajue dawa.

Nilifanya haraka. Nikapaka maji hayo kwenye kioo, nikatia rangi ya zambarau, halafu nikaosha na spiriti kupita kiasi. Rangi yote ikaenda! Kwenye chupa lilikuwa limebaki tone moja tu. Nilikuita kwa jina, wewe ambaye… basi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinishika kiwiko: "Polepole, Kiprop. Mdudu hana miguu ya kukimbia."

Nikaanza upya. Nikaosha kidogo, nikaacha. Nikainama kwenye hadubini, na hao hapo! Wawili wawili, zambarau bado imewashika, wametapakaa katikati ya usaha. Nilikimbia hadi wodini, nikampita matroni bila hata kumsalimia.

"Daktari, ni wale wadudu wa nimonia! Wameingia mpaka kichwani!"

Akaja kujionea mwenyewe. Akachungulia kwa muda mrefu, akasema, "Umeona vizuri. Tumpe penisilini sasa hivi."

Siku ya kwanza degedege alilokuja nalo halikuisha. Ya pili mtoto hakufungua macho, nami sikula. Jana akamtambua mama yake. Na leo, uji! Mama alinishika mikono yote miwili. Nikatoka nje nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikalia, kwa sababu wewe ndiye ningekuambia kwanza.

Lala salama, mwalimu wangu. Nakuahidi: mtoto yeyote atakayeletwa shingo ikiwa ngumu, sitaondoka mezani kabla sijajua ni nini kinachomuua.

Naacha hapa. Daktari amebisha mlango, ana chupa nyingine mkononi.

Wako,
Kiprop