Meza Uliyoiacha Ndani ya Mashua

Baba,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake, kisha kumwambia "mimi sijambo." Hali yako siwezi kuiuliza. Na mimi nikisema sijambo utajua nadanganya. Acha nianze na meza.

Meza imekwisha. Imo ndani ya mashua ya Bwana, na mashua imeshaondoka Ruiru, imevutwa nyuma ya lori kwenda ziwa la Naivasha. Nimetanguliza hilo kwa sababu hata siku ambazo hukuweza tena kuinuka kitandani, ulikuwa ukiniuliza kama mvua haijaingia bandani, mbao zisije zikapinda.

Tulipotoka kukuzika Kalimoni, Shangazi alitaka niende naye Thika siku ileile. Nyapara Zakayo alikuwa mlangoni, anaangalia paa letu kama mtu anayenunua ng'ombe. "Pole, mama," akamwambia Shangazi. "Lakini chumba ni cha fundi. Mutiso anatoka Machakos na watoto wake." Baba, unanijua. Mimi ambaye kanisani nikiulizwa jina langu naangalia viatu. Siku hiyo nilisikia mtu anasema, "Meza ya Baba haijaisha," na kumbe ni mimi.

Zakayo alicheka. "Wewe? Randa utaishika na mkono gani, wa kufua au wa kupika?"

Bwana alikuwa amekuja kutoa pole, amesimama nje na kofia mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno ya Kiingereza, yakanikimbia yote. Yeye akasema kwa Kiswahili chake kile: "Toto jaribu. Meza kwisha, halafu hama nyumba."

Hivyo nikabaki. Na sijui kama nyumba ile imewahi kuwa kimya hivyo. Tangu jirani zetu Wanjiru na mama yake wahamishiwe kile kijiji kipya cha serikali kilichozungushiwa handaki, mstari wetu wa vyumba ulikuwa umebaki na watu wachache, lakini wewe ulikuwa ukikohoa, ukigongagonga kitu, ukimtukana kuku. Sasa nikiweka sufuria chini, mlio wake unanishtua.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipopanda ndani ya ile mashua? Ilikuwa bandani juu ya trela lake, kando ya magunia ya kahawa, na tairi moja limekwisha upepo. Meza ya zamani ilikuwa imeoza, ukiigusa inabaki mkononi kama ugali uliolala. Bwana akatuonyesha namna inavyoshushwa katikati ya yale mabenchi mawili, magodoro yakawekwa juu, ikawa kitanda. Ulisubiri aondoke ndipo ukacheka mpaka ukashika ubavu. "Rispa, kumbe hata wazungu wanaishi chumba kimoja! Mchana meza, usiku kitanda. Ni kwetu kabisa." Na ule ukingo wa kuzunguka meza, wa kuzuia vyombo visianguke, ukasema, "Hawa watu wanaogopa sahani zitatoroka."

Nilipoanza kazi peke yangu nilianza na gundi. Ile ya unga, ambayo ulinifanya nikusomee mkebe wake mara tatu. Ulikuwa unaniuliza, "Haya, mzungu amesemaje?" Nami nakwambia, anasema mbao zibanwe sana mpaka zikauke. "Basi mwambie mimi nina kibano changu. Panda ukae."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza maishani, Baba. Kukaa. Nilikuwa bado sijaanza shule, unanipandisha juu ya mbao zilizopakwa gundi, unanipa hadithi ili nisitikisike. Sasa nimekuwa mzito zaidi, kibano kizuri. Nikaunga zile mbao mbili za mwisho za mvule, nikakaa juu yake mchana kutwa. Nikajaribu kujipa hadithi mwenyewe, ile ya fisi aliyetaka kuwa seremala. Nikafika pale anapoazima nyundo kwa sungura. Kisha? Sikumbuki. Niliirudia tangu mwanzo, nikafika palepale. Nikageuka kukuuliza. Kweli, Baba, niligeuka.

Nitakwambia jambo jingine ambalo Shangazi halijui. Nilikuwa naivuta kazi. Ubao ulikuwa umeshalainika, nami bado nausugua kwa msasa. Zakayo akipita mlangoni naongeza nguvu. Nilijua nikimaliza nitarudisha ufunguo wa chumba, na shuka lako nitalikunja, na mtoto wa mtu mwingine atalala upande wako. Basi nikawa nasugua.

Halafu ukaja ule mstari wako.

Ulikuwa umeuchora kwa penseli kwenye ukuta wa ndani wa mashua, mahali pa kupigilia ule ubao mwembamba wa kubeba meza. Niliweka pimamaji juu yake, kiputo chake kikakimbilia pembeni. Nikaweka tena. Mstari ulikuwa umepinda, tena sana. Wewe, ambaye ulikuwa ukiona mlango uliopinda kutoka barabarani! Nilikaa kwenye benchi nikalia. Nikajisemea, homa ndiyo iliyomshika mkono. Nikaufuta kidogo kwa kidole, nikachora wangu, kiputo katikati kabisa. Nikapigilia ubao kwa skurubu za shaba, nikakata mguu wa meza kulingana nao. Nilikuwa nimekusamehe, Baba. Nilijiona binti mwema.

Bwana akaja kuangalia. Fundi Mutiso alikuwa ameshafika, naye akaja kuchungulia. Kabla ya kupanda, Bwana aliagiza lile tairi lijazwe upepo. Mashua ikainuka taratibu, ikasimama wima. Akaketi, akaweka kikombe chake cha chai mezani. Kikombe kikaanza safari. Ukingo sikuwa nimeuweka bado. Kilimmwagikia mapajani, akasema neno la Kiingereza ambalo shule yetu hawajalifundisha.

Mutiso alishika tumbo. "Wĩ, kasichana! Hii meza umeitengenezea kilima!"

Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Chini ya ubao wangu, pale nilipofuta vibaya, penseli yako bado ilionekana. Ilikwenda sambamba na benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hukuwa umepima kwa pimamaji. Ulipima kutoka kwenye benchi, kwa sababu uliona tairi, ukajua mashua imelala upande. Ulikuwa mgonjwa, umeshika ukuta kwa mkono mmoja, na ulikuwa umeona.

Mimi nilipima kama mtu anayejenga nyumba. Nyumba husimama pale ulipoiacha.

Na unajua nilihisi nini, watu wakicheka? Nilifurahi. Kwanza kwa ajili yako, kwamba homa haikukuchukua mkono. Kisha nikafurahi kwa sababu kazi imeharibika na nitakaa tena. Nilishaanza kuhesabu nitachelewesha wapi. Lakini Bwana akajipangusa, akamwambia Mutiso, "Toa hii. Tengeneza ingine, mbao ingine." Hiyo hapo, akaionyesha kwa kidole, itakuwa kuni za jikoni.

Mbao zako, Baba. Ulizozichagua moja moja.

Niliongea mara ya pili. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi Mutiso arudie maneno yangu: "Bwana, anasema ataimaliza kesho jioni." Bwana akatazama suruali yake. Akasema, kesho.

Asubuhi niling'oa ubao wangu, nikaupigilia kwenye mstari wako. Mguu ulikuwa mrefu, nikaukata. Nikaweka ukingo. Mutiso alikuja akaketi kwenye benchi akila viazi vitamu, hakushika chombo hata kimoja, ila nilipofikia skurubu ya mwisho nikasita, bisibisi mkononi, akasema polepole, "Kaza tu, mama. Hata ukiiacha, yeye harudi." Nikakaza.

Jua lilikuwa bado liko juu niliporudisha ufunguo.

Sasa niko Thika, kwa Shangazi. Tunalala wasichana wanne, na sijawahi kuwa peke yangu namna hii. Wanazungumza juu ya watu nisiowajua. Shule wamenipokea. Vyombo vyako nimevileta ndani ya gunia, viko chini ya kitanda, na Shangazi anasema vitatoboa godoro.

Jana mama wa nyumba ya pili alikuja analalamika, kabati lake la vyombo limeachia mlango, fundi wa sokoni anamzungusha. Shangazi alikuwa anafungua mdomo kumpa pole. Nikasema, "Mimi nitautengeneza." Yule mama akaniuliza, "Lini?"

Nimemwambia Jumamosi. Nakuahidi nitaangalia kwanza sakafu yake imelala upande gani. Na nikimaliza, Baba, nitamaliza. Sitasugua ubao uliokwisha lainika. Nitafunga mlango wake, nitapokea asante yake, nitarudi nyumbani kwa Shangazi.

Pumzika. Mikono yako ilikuwa sawa.

Binti yako,
Rispa