Mpaka Masikio Yalie

Baba Cito,

Huku Kivu mvua haikatiki, maharagwe yanaoza shambani. Mbuzi amezaa mapacha.

Mama yako aliugua malaria. Zahanati ilimpa vidonge vya kwinini, lakini unawajua wabandua magome ya mkwinini wa hapa, kama yeye: masikio yasipolia, dawa haijashika. Akaniamuru nimchemshie na gome. Nikakataa.

"Wewe wa mjini, utanifundisha mimi kwinini?"

Nikachemsha. Masikio yalipoanza kuvuma akachekelea: "Imeshika! Lete kikombe kingine tuimalize." Kufikia jioni alikuwa anatapika, hasikii, haoni.

Hospitalini walimsimamishia kwinini, wakamnywesha unga wa mkaa na kumtundikia dripu. Masikio yamefunguka. Macho yamerudi katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na daktari hakuahidi zaidi.

Anawaambia majirani kuwa mimi ndiye niliyezidisha dawa. Nikimpelekea chakula husogeza kichwa kidogo tu, nami nimeshatoweka machoni pake.

Nimechoka, Baba Cito. Njoo usimame mbele yake hasa, umuulize kikombe cha pili nani alikiomba.

Mkeo,
Nabintu