Chavua ya mierezi kwenye tope la kale

Bassou, sina shahada, sina meno ya mbele, sina wa kunitetea pale maabara. Nilikuwa na imani ya mkuu wetu, Daktari Itto, basi. Nayo nimeichezea.

Unakumbuka nilivyowaleta ninyi wenzangu wa shule ya usiku muone tope la chini ya ziwa? Nikawafungulia bomba lenye tope hilo uani, chini ya mwerezi, mjue kwamba Haddu amesoma. Chavua ikatumwagikia mabegani. Ukacheka, "Haddu, umekuwa manjano kama kuku wa harusi wa zafarani!"

Tope lile ni la enzi ya barafu, Bassou! Hufunguliwa ndani, madirisha yamefungwa, chavua ya leo isiingie. Onyo la mlangoni nililiandika mimi mwenyewe!

Leo Daktari katoka mbio kwenye hadubini. "Ami Haddu! Chavua ya mierezi! Sote tulidhani wakati wa barafu hapa palikuwa nyika kavu ya pakanga, bila mti hata mmoja!" Akanibusu kichwa. Akanibusu kichwa, Bassou! "Jina lako litakuwemo kwenye makala yangu, ami."

Nami nikajibu nini? "Mungu akubariki, binti yangu." Basi!

Ameshashuka mjini Ifrane. Kesho anaituma makala. Wenzake wakigundua, watamcheka maisha yake yote.

Usinipigie kunizuia. Nimemwandikia barua, kurasa mbili, sikumtaja hata mmoja wenu. Nimeandika, "Nilitaka kujionyesha." Bahasha nimeifunga kwa gundi, na dereva wa teksi ya Ifrane ameshaondoka nayo.