Miwani ya Wageni

Mami, habari ya Kiganjo?

Huku Vietnam mvua ni kama yetu ya Aprili, na nimeshiba wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba. Lakini leo nimekasirika.

Shirika letu la kujitolea lilileta sanduku la miwani kuukuu kutoka ng'ambo, tuwagawie wazee wa kijiji. Mimi, ambaye kazi yangu pale Ruiru ni kupima macho, nikabandika chati ukutani. Kiongozi wetu akaniambia, "Wachana na hiyo, tutachelewa. Kila mtu achague inayompendeza, tupige picha."

Haiya! Kwani miwani ni kofia?

Shosho mmoja, bibi kizee wa hapo kijijini, akavaa nyekundu, akatabasamu, akapigwa picha, kisha akashuka ngazi akipapasa ukuta. Nikamkimbilia, nikamuuliza kupitia kwa mwalimu anayetutafsiria kama anaona.

"Sioni kitu," akasema. "Lakini wametoka mbali. Ningewaambiaje?"

Nimekataa kugawa hata moja tena bila kupima. Kiongozi amenuna, na anune! Kesho naanza na huyo shosho.

Sasa Mami, ile miwani uliyopewa na wageni kanisani, unayovaa kila Jumapili na Biblia ukimpa jirani akusomee: unaona nayo, ama unaivaa kwa heshima tu?

Nakupenda sana, jifunike vizuri na hiyo baridi. Na ukinijibu, usinijibu kwa adabu. Mimi si mgeni.

Wambui wako