Alhamisi Haichimbwi

Antananarivo, 6 Agosti 2023

Dada Voahangy mpendwa,

Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na shemeji Solofo, na kwamba kifua cha mpwa wangu Miora kimepata nafuu tangu baridi ile ya Julai. Mimi sijambo. Shahada ninayo, kazi bado sina, na ninakuomba usinipe pole, kwa maana sijawahi kuwa na shughuli nyingi kama sasa.

Unaukumbuka umoja wetu wa wanafunzi wa kujitolea, ule ulioubatiza jina la chama cha wavaa fulana? Wavaa fulana hao sasa wameungana na wenzao wa Moroni, Maputo, Lilongwe na Port Louis. Tumekuwa mtandao wa vijana wa nchi tano, tukisaidiana maarifa na vifaa kwa ajili ya vijiji na mitaa tuliyotoka. Na wazo la kwanza la pamoja limetoka kwangu: siku moja, Alhamisi ya tarehe 12 Oktoba, saa tatu asubuhi kwa saa za kwetu, vijana wa nchi zote tano watatia koleo ardhini kwa pamoja, kila kundi mahali lilipochagua, na kuonyeshana kwa simu. Wapo waliotaka kila mmoja ajipangie siku. Niliwapinga mpaka wakanyamaza. Mtandao usioweza kukubaliana hata juu ya siku utakubaliana juu ya nini? Kisha nikaandika sheria kwa mkono wangu: asiyetia koleo siku hiyo anatoka.

Sisi tumechagua kijiji chetu, Ambohitsoa. Tutayateremsha maji ya chemchemi ya juu hadi shuleni. Mabomba tayari yamo ghalani kwetu. Saruji na tangi vitaletwa na mtandao baada ya siku hiyo. Waarifu wanakijiji wajiandae.

Ndugu yako,
Tahiry

*

Ambohitsoa, 15 Agosti 2023

Mdogo wangu Tahiry,

Hujambo? Umekula? Sisi tu wazima. Miora kifua kimepoa ila tumbo limemshika tena, na si yeye peke yake. Maji ni yale yale ya mfereji wa mpunga, ng'ombe wanapita, sisi tunachota. Nakwambia haya mapema ili usije ukasema dada hataki bomba. Nalitaka kuliko wewe. Wewe utalipiga picha, mimi ndiye nitakayelinywa.

Lakini Tahiry, Alhamisi? Solofo alicheka mpaka uji ukamwagika mapajani. Umesoma vitabu vya watu wote duniani, ukasahau kwenu haichimbwi Alhamisi! Tangu mababu zetu, siku hiyo jembe halishuki ardhini hapa, iwe shambani, iwe kaburini. Ulipokuwa mdogo si uliipenda kuliko siku zote, kwa kuwa hukutumwa shamba?

Barua yako niliisoma mkutanoni. Mama Vero akauliza, "Huyu mtoto wa marehemu Ravao alizaliwa hapa au aliangushwa na ndege?" Wengine wakasema labda kalenda ya mjini ni nyingine. Mzee wetu Ingahy Ramanitra, ambaye unajua ndiye msemaji wetu, hakucheka. Alisema, "Mwezi uliopita alikuja hapa na michoro yake, akasimama, akaanza kutuhutubia bila kuomba radhi. Sikushangaa leo kusikia Alhamisi."

Na kweli hukuomba. Mtu anasimama mbele ya waliomtangulia kuzaliwa, hasemi hata "mimi ni mdogo, wakubwa wapo, nisameheni kwa kutangulia kunena"? Ulianza na upana wa bomba!

Hamisha siku. Jumatano tuko wote, na makoleo yetu.

Dada yako,
Voahangy

*

Antananarivo, 29 Agosti 2023

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaonicheka. Nasikitika kusikia habari za tumbo la Miora, na ni kwa ajili ya tumbo hilo hilo ninaandika kwa ukali kidogo, unisamehe.

Niambie, dada: watoto wa Ambohitsoa huharisha siku ngapi katika wiki? Je, ugonjwa hupumzika Alhamisi? Ikiwa uchafu wa mfereji hautambui siku, kwa nini dawa yake itambue? Siwadharau mababu. Ninasema tu kwamba wao waliweka mwiko kwa sababu walizozijua wao, huenda ili ardhi na mtumwa wapate pumzi, na sisi tumeurithi mwiko pasipo sababu. Mrithi wa namna hiyo hamheshimu marehemu. Anatunza sanduku asilowahi kulifungua.

Siku haiwezi kuhamishwa. Nilipigania siku moja mbele ya watu wa nchi nne. Nikirudi leo kuomba siku yangu peke yangu, nitakuwa kichekesho, na umoja wetu utatolewa kwa sheria niliyoiandika mwenyewe. Miaka miwili ya kazi, dada.

Hivyo tutakuja. Chemchemi yenyewe iko juu, nje ya mashamba ya watu. Wanafunzi watachimba wenyewe; wanakijiji wasioridhika wakae majumbani siku hiyo moja. Maji yakishatiririka, mjadala utakuwa umekwisha.

Ndugu yako asiyekata tamaa,
Tahiry

*

Ambohitsoa, 9 Septemba 2023

Tahiry,

Hatujambo. Natumai nawe hujambo.

Chimba. Hakuna atakayekushika mkono, watu wa hapa hawapigani na mgeni. Lakini hakuna atakayekunywa. Bomba lililochimbwa Alhamisi litakaa pale shuleni linang'aa, na akina mama watalipita na ndoo zao kwenda mferejini. Na mimi nitapita nao.

Unadhani naogopa wafu? Mimi siogopi wafu, wamelala. Naogopa kuishi na walio hai niliowapuuza. Mama Vero ndiye aliyenizalisha Miora. Ingahy Ramanitra ndiye aliyemsemea mama yetu siku tulipomzika. Wewe ukimaliza kushinda mjadala unarudi mjini. Mimi nabaki hapa na ushindi wako.

Umeandika vizuri kuhusu sanduku. Niliisoma mara mbili. Sasa niambie, katika nchi tano hizo, ni nani aliyeulizwa siku?

Dada yako

*

Antananarivo, 24 Septemba 2023

Dada Voahangy,

Natumai nyote mko salama. Nimechelewa kujibu kwa kuwa swali lako la mwisho lilinikalia vibaya. Nililijibu kichwani kila asubuhi, na kila jioni nikaliona jibu langu halitoshi.

Nimelipeleka kwa wenzangu wa mtandao. Tulikutana kwa simu, wote watano. Kavish wa Port Louis, ndiye katibu wetu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana Tahiry, sheria hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi hebu ibishie wewe mwenyewe, sisi tusubiri."

Wakaangua kicheko. Saidi wa Moroni akaongeza, "Mwezi Julai ulituita wavivu wa kupanga, kaka. Leo mvivu nani?" Nilibishana nao muda mrefu kupita adabu. Delfina wa Maputo peke yake alinyamaza, jambo lisilo desturi yake. Hatimaye wakakata shauri: Alhamisi saa tatu koleo lionekane ardhini, la sivyo tumetoka, na saruji haitakuja.

Mwenzangu Njaka alishauri tuchimbe Jumatano, tupige picha, tuzionyeshe Alhamisi. Nimekataa. Sitaki kijiji kipate maji ya kweli kutoka katika mtandao wa uongo.

Nakuomba jambo moja, na ninaliomba kwa unyenyekevu: uwaulize wazee kama wataruhusu koleo moja tu, mara moja tu, mahali popote watakapochagua.

Ndugu yako,
Tahiry

*

Ambohitsoa, 2 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yako imenifurahisha, hasa pale pa kumkatalia Njaka. Miora anakusalimu, anauliza utakuja na peremende.

Nimewauliza. Koleo moja, hapana. Ingahy Ramanitra alisema, "Nikiruhusu moja, nitamwambia nini mwenye la pili?" Hilo limekwisha, usilirudie.

Lakini akaendelea: kuchimba hakuruhusiwi, kubeba kunaruhusiwa. Basi shauri letu ni hili. Njooni Jumapili jioni. Jumatatu, Jumanne, Jumatano tunachimba mfereji wa bomba, kijiji kizima, wali juu yetu. Alhamisi tunayateremsha mabomba kutoka barabarani, yale marefu, kwa mabega. Ijumaa tunayalaza na kufukia.

Najua hilo si koleo. Najua huenda wakakutoa. Siwezi kukuchagulia, nisije nikawa kama wewe.

Ukija, uje umejiandaa kusema. Na uanze vizuri.

Dada yako,
Voahangy

*

Antananarivo, 22 Oktoba 2023

Dada mpendwa,

Nimefika salama, mabega yakiwa yamechubuka, na ninatumai ya kwenu yamepoa. Mwambie Mama Vero kwamba ninalikubali jina alilonipa, "bwana michoro", maadamu alilisema akinipa sahani ya tatu ya wali.

Alhamisi uliniona nikipanda kilimani na simu, lakini wewe ulikuwa bondeni chini ya bomba, hukusikia yaliyosemwa. Nakuletea kama yalivyokuwa.

Saa tatu ilipofika waliinua makoleo yao, mmoja baada ya mwingine. Ikafika zamu yetu. Kavish akauliza, "Tahiry, koleo liko wapi?"

Nikasema, "Mimi ni mdogo kati yenu, na wapo waliostahili kusema kabla yangu. Naomba radhi kwa kutangulia, naomba radhi kwa sauti yangu, na kama maneno yangu yataumiza, lawama iniangukie mimi, isiwaguse walionituma."

"Huyu anaomba msamaha kabla ya kukosa!" akasema Saidi.

"Naomba ruhusa," nikamjibu. "Ndiyo tunayoombana huku kabla ya kusema. Na ndiyo ambayo sote watano hatukuomba kabla ya kuchagua siku." Kisha nikaigeuza simu kuelekea bondeni, wakaona: kijiji kizima kwenye njia ya kilima, wake kwa waume, mabomba mabegani kama mwili mmoja mrefu unaoshuka, Ingahy Ramanitra mbele akiwaambia wapi wakanyage. "Mfereji umechimbwa tayari," nikasema, "na waliouchimba ndio hawa. Leo hawachimbi. Nionyesheni na ninyi watu wenu."

Delfina akasogeza simu yake kando, nikaona: vijana sita wenye fulana, na nyuma yao uwanja mtupu.

Hata hivyo Kavish ni mtu wa sheria, na sheria ilikuwa nzuri, niliiandika mimi. Wamepiga kura. Tumetoka. Saruji haitakuja, wala tangi.

Sikuandikii unihurumie. Mabomba yamelala ardhini na hakuna wa kuyafukua. Wanafunzi wamechanga saruji kiasi cha kuunganishia. Matofali hatuna. Ninyi mnao udongo mzuri kuliko wote wa bonde hilo. Ninaomba tangi la matofali, lijengwe kwa siku mtakazosema ninyi.

Ndugu yako,
Tahiry

*

Ambohitsoa, 3 Novemba 2023

Tahiry,

Hatujambo. Tanuri linawaka tangu juzi. Kila nyumba imefyatua sehemu yake, hata Mama Vero, ingawa ya kwake yamepinda na amekataza yasemwe. Mvua inanyemelea. Njooni Jumatatu, msingoje barua nyingine.

Solofo anasema ukitolewa kwingine popote, utuambie. Huenda tukapata na daraja.

Dada yako

*

Antananarivo, 18 Februari 2024

Dada Voahangy mpendwa,

Natumai mvua haijawatesa sana na kwamba tangi halivuji pale kwenye matofali yaliyopinda. Kimya changu kilikuwa cha makusudi; sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Mwezi uliopita Saidi aliniandikia. Kisima chao kimekamilika na hakitumiki: Alhamisi ile wazee wote wa mtaa walikuwa kwenye harusi kubwa, vijana wakachimba bila wao, na sasa hakuna anayekiita chake. Lilongwe siku hiyo kijiji kilikuwa na msiba. Walichimba msingi wa maktaba wakati kaburi bado li wazi; maktaba imejengwa, na mpaka leo hakuna mzazi anayemruhusu mtoto aingie humo. Delfina hakueleza, aliniambia tu kwamba niliuona uwanja ule mtupu. Wakamwandikia Kavish, na Kavish akaniita nirudi.

Nilijibu kwamba nitarudi kwa sharti moja, na kwamba safari hii sharti si siku. Kila mpango wa mtandao utaanza na swali, litakalojibiwa na wenyeji kabla ya mwanafunzi yeyote kuchora mstari: *Kwenu haichimbwi lini?* Walidhani wengine watalirudisha tupu. Halikurudi tupu hata mara moja. Hata Kavish, aliyesema mjini kwao hakuna mambo hayo, alikwenda kumuuliza nyanya yake, akarudi na siku ya maandamano ya kutimiza nadhiri za kidini, na miiko mingine ambayo ameishi nayo maisha yake yote bila kuiona.

Sijabadilika sana, usihofu. Bado ninaamini kwamba sanduku lapaswa kufunguliwa. Ila nimekubali kubisha hodi kwa wenye nyumba.

Wote wanne wanataka kuja kuliona bomba lenu mwezi wa nne. Nimewaambia sina mamlaka ya kupanga siku. Tafadhali waulize wenyewe, unijulishe.

Ndugu yako,
Tahiry

*

Ambohitsoa, 2 Machi 2024

Mdogo wangu Tahiry,

Hujambo? Sisi wazima wote, na Miora hajashikwa na tumbo mvua hizi zote. Tangi linavuja kidogo. Mama Vero anasema ni jasho.

Barua yako niliisomea bombani, maana siku hizi ndipo watu walipo. Nimewauliza. Wanasema waje Alhamisi. Hakuna kazi ya shamba siku hiyo, watu wote watakuwepo, na kunywa maji hakujawahi kukatazwa.

Ingahy Ramanitra atawapokea. Ameagiza wageni wako wafundishwe kuomba radhi kabla hawajafika. Amesema wewe sasa unaweza kuwafundisha.

Dada yako,
Voahangy